Kocha wa nyota na kocha wa timu: umpeleke wapi mwanao hapa Mwanza?

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Juni, wazazi hunifuata pembeni mwa uwanja na swali lilelile. "Mwalimu, huyu kijana ana kitu mguuni. Nimpeleke kwa nani?" Nafundisha watoto mpira kwa kujitolea huku Nyamanoro, huu mwaka wa 12, wala sina kituo cha kumuuzia mtu. Namwambia mzazi aache kwanza jina la kituo, aache rangi ya jezi na picha za kwenye simu, amtazame kocha. Hapa kwetu kuna makocha wa watoto wa aina mbili, na mtoto atafuata tabia ya yule atakayemlea.

Wa kwanza namwita kocha wa nyota. Ana mtoto mmoja au wawili anaowajenga, na waliobaki ni ngazi ya kuwapandisha hao. Wa pili namwita kocha wa timu. Huyu anataka watoto wote 18 waliovaa jezi wajue kucheza, na yule mwenye kipaji zaidi anapewa kazi zaidi, hapewi ufalme. Wote wawili huamka alfajiri, wote hununua mipira kwa fedha za mifukoni mwao, na wengi wao ni watu wema kabisa. Mimi mwenyewe nilianza nikiwa wa aina ya kwanza, nitaeleza mbele.

Ukitaka kuwatofautisha, anza na masikio. Simama nyuma ya goli, funga macho dakika tano. Kwa kocha wa nyota utasikia jina moja: "Mpe! Mpe yeye! Wewe piga mbele, mwache mwenye mpira wake!" Kwa kocha wa timu majina yanazunguka, na amri nyingi zinawahusu wasio na mpira: "Nani yuko naye? Msogelee! Rudi, ziba pale!" Hapo umeshajua nusu ya unachotaka kujua.

Dakika za kucheza

Hapa nawaomba wazazi tupige hesabu pamoja. Mechi ya watoto ya dakika 60, wachezaji 11 uwanjani, ni dakika 660 za kugawana. Ukiwa na watoto 18, kila mmoja anaweza kupata karibu dakika 37. Sheria za mpira zinaruhusu mashindano ya watoto kuwa na mabadiliko ya kwenda na kurudi, yaani aliyetoka anaweza kuingia tena, kwa hiyo waandaaji wakiruhusu, kocha hana cha kusingizia. Kocha wa nyota hamtoi nyota wake hata mtoto akichechemea, na watoto saba wa benchi wanamaliza msimu wakiwa wamejifunza kuchunga mabegi na kujaza madumu ya maji.

Mzazi wa nyota anaweza kuona hilo halimhusu, kwa kuwa mwanawe anacheza dakika zote. Linamhusu sana. Mazoezi ya katikati ya wiki mwanawe anacheza na hao hao wa benchi. Wakiwa dhaifu, anapiga chenga watu dhaifu kila siku na kujiona ameshafika. Halafu mtoto wa namna hiyo huazimwa kila mahali: leo timu ya shule, kesho ya mtaa, keshokutwa bonanza Igoma. Mtoto anayekua akichezeshwa hivyo bila kupumzika, magoti huanza kuuma, hasa pale chini ya pia ya goti, na wengi huambiwa wakaze moyo. Maumivu hayo yanahitaji mapumziko na daktari. Moyo hauhusiki.

Zawadi, hapa ndipo penye mambo

Katika mechi zetu za mchangani kuna desturi ya kumpa mfungaji bora njumu mpya. Mfadhili anazinunua, zinawekwa mezani kwenye boksi lake, kila mtoto anaziona tangu siku ya kwanza. Kwa mtoto anayecheza na viatu vilivyoshonwa mara tatu, boksi lile ni kitu kikubwa mno. Sasa tazama linafanya nini ndani ya uwanja.

Nimeona kwa macho yangu, dakika za mwisho, timu inaongoza 2-0, mtoto ana mpira upande wa kulia, pembe imebana. Mwenzake yuko katikati, mita sita kutoka golini, peke yake, mikono ameinua. Aliyekuwa na mpira alikuwa nyuma kwa bao moja kwenye hesabu ya njumu. Akapiga mwenyewe, ukagonga nyavu za pembeni. Yule wa katikati hakusema neno. Alishusha mikono taratibu, akageuka, akarudi akitembea. Kipindi kilichobaki hakukimbia tena. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila pale tembo lilikuwa limetiwa maji na sisi watu wazima, tulioweka boksi juu ya meza.

Kocha wa nyota hulipenda boksi lile, maana linampa jina la kutaja. Kocha wa timu analitumia tofauti. Ninaowafahamu wengine hukubaliana na mfadhili kwamba njumu atapewa atakayechaguliwa na watoto wenyewe kwa kura za siri, na ni marufuku kujipigia. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani watamchagua mfungaji. Walimchagua beki wa kati, mtoto mfupi asiye na maneno, kwa sababu, kama mmoja alivyoniambia, "ukikosea yeye hakugombezi, anaziba." Wengine huandika kwenye daftari pasi ya bao sambamba na bao lenyewe, na kila Jumapili wanasoma yote mawili mbele ya timu. Watoto ni wepisi mno. Kinachohesabiwa ndicho watakachokifanya.

Zawadi ya mbuzi, kwa upande wake, ninaipenda. Timu ikishinda mbuzi, hakuna wa kumbeba kwao. Anachinjwa, anachomwa, na aliyekaa benchi msimu mzima anapata kipande sawa na nahodha. Nikiwa na sauti kwa waandaaji wa mabonanza hapa Mwanza ningewaambia warudishe mbuzi, waweke na kreti mbili za soda, njumu ziende kwa mtoto anayehitaji viatu.

Siku nyota anapoumwa

Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na kijana kutoka Mabatini, miaka 13, mguu wa kushoto. Alikuwa amefunga mabao 14 kwenye mashindano ya mtaa, nami nilikuwa nimeacha kufundisha vitu vingine. Mazoezi yetu yote yalikuwa njia ya kumfikishia mpira. Asubuhi ya fainali mama yake akanipigia: kijana ana malaria, yuko zahanati, ametundikiwa dripu.

Tulifungwa 4-0, lakini idadi ya mabao haikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni beki wetu wa kushoto. Kila alipopata mpira aliinua kichwa na kutazama upande uleule wa uwanja, mahali pa yule mgonjwa, hakuona mtu, akasimama na mpira mguuni hadi akanyang'anywa. Alifanya hivyo pengine mara nane. Sikuwa nimemfundisha kuona mtu mwingine yeyote. Watoto kumi na mmoja walikuwa uwanjani wakimtafuta aliyekuwa kitandani, na kosa lile lilikuwa langu lote.

Nyota mwenyewe naye sikumtendea haki. Alipopelekwa kwenye kituo kikubwa akiwa na miaka 16, kule kila mtu alikuwa nyota wa mtaa wake. Hakujua kukaba, hakujua kurudi, hakujua la kufanya akiwa hana mpira. Aliwekwa benchi, akakasirika, akaacha. Huwa namwona mjini, ananisalimia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu," na kila mara nashindwa kumtazama vizuri.

Asubuhi nyingine nenda pale Mwaloni Kirumba, mitumbwi ya dagaa inaporudi, ukaongee na wavuvi. Wanatoka jioni wakati wa giza la mwezi, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, kisha wavu unainuliwa. Unainuliwa kwa pamoja. Mwenye nguvu kuliko wote akivuta upande wake haraka kuliko wenzake, wavu unainama na dagaa wanamwagika ziwani. Nguvu zake zimewapotezea samaki. Nimewapeleka watoto wangu pale mara mbili wakaelezwe na wavuvi wenyewe, na tangu hapo uwanjani mtu akijifanya anaweza yote wenzake humpigia kelele: "Unamwaga dagaa!"

Na walio wenyeji wa Usukumani wanajua mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yale yanayoonekana mpaka leo kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Manju anaweza kuwa na sauti ya dhahabu, lakini waitikiaji wakilegea watu wanahama.

Mchezo gani unafundisha zaidi?

Wazazi wengine huniuliza kuhusu mchezo wenyewe, hasa kwa mtoto mchoyo wa pasi. Kwa maoni yangu mpira wa pete ni shule bora kuliko mpira wa miguu kwa jambo hili, na inanisikitisha kwamba tunauona wa wasichana tu. Sheria zake hazimruhusu mtu kujitapa. Ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao, una sekunde tatu za kuuachia, kila mchezaji kati ya saba ana eneo lake, na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu. Kwa hiyo watano wanacheza dakika zote wakijua hawatafunga hata bao moja, na bado wanacheza kwa moyo. Binti aliyelelewa kwenye mpira wa pete akija kwenye soka naona tofauti siku ya kwanza: anainua kichwa kabla mpira haujamfikia.

Mpira wa miguu unamruhusu mtoto kuficha uchoyo wake, maana sheria haimkatazi kupiga chenga watu sita. Ndiyo maana kwenye soka kocha ana uzito zaidi kuliko kwenye pete. Kikapu kiko katikati ya hiyo miwili.

Riadha je? Watu hudhani ni ya mtu peke yake. Kwenye mbio za nyika za timu, mfumo uliozoeleka mashuleni na vyuoni ni kujumlisha nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa kila timu, na yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Mmoja akiwa wa kwanza na wa tano akiwa wa 90, timu imekwisha. Suleiman Nyambui, mtoto wa huku kwetu ziwani upande wa Majita, ambaye dunia inamkumbuka kwa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, mwaka huohuo alishinda mbio za nyika za vyuo vya Marekani, na chuo chake cha El Paso kikachukua ubingwa wa timu. Alikuwa wa kwanza, na bado alihitaji wenzake wanne nyuma yake ili chuo kishinde.

Mbio za kupokezana kijiti ndizo zinanipa mfano ninaoupenda kuliko yote. Olimpiki ya Beijing 2008, timu za Marekani za mita 100 mara nne, wanaume na wanawake, zote zilidondosha kijiti kwenye hatua ya mchujo. Olimpiki ya Rio 2016, Japani ilichukua medali ya fedha katika mbio hizohizo za wanaume, na wakati ule hakuna hata mmoja kati ya wanne wale aliyekuwa na rekodi rasmi ya kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kupokezana mpaka ikawa kama mkono mmoja. Ukiwa na mtoto mwenye mbio anayedharau wenzake, mwombe mwalimu wa michezo amweke kwenye timu ya kijiti kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mkimbiaji wa pili hawezi kuondoka na sifa zake mwenyewe, lazima anyooshe mkono nyuma na kumwamini mtu asiyemwona.

"Lakini mwalimu, skauti anamtafuta nyota"

Hili ndilo wazazi huniambia, na ni hoja ya kweli kwa mtu mwenye maisha magumu anayetumaini mguu wa mwanawe. Basi tuangalie. Gawa dakika 90 kwa wachezaji 22: kila mmoja anapata dakika nne na sekunde chache za kuwa na mpira, na hapo tumejifanya mpira hautoki nje wala hausimami. Anayekuja kutafuta wachezaji kwa umakini anatazama dakika zile 86 nyingine. Anakimbilia wapi wenzake wakipoteza mpira? Anafanya nini kocha akimtoa?

Mbwana Samatta alipata tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani Afrika kutokana na mwaka 2015, mwaka ambao TP Mazembe yake ilichukua Ligi ya Mabingwa Afrika. Akaenda Genk, na msimu wa 2018/19 Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Jina lake lilikua pamoja na timu zake. Hapa nyumbani wazee bado wanaihadithia Pamba iliyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1990, na watoto wangu hawakuwepo lakini waliwaona Mbao FC mwaka 2017: timu isiyo na majina makubwa, ikaitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafika fainali na kufungwa na Simba 2-1 kule Dodoma. Tangu Pamba Jiji irudi Ligi Kuu mwaka 2024 kila mtoto wa Mwanza anaota kuivaa jezi ile, nami nafurahi. Nawaambia tu kwamba wakifika pale watakuta wanaume 20 na zaidi wanaotaka jezi hiyohiyo, na atakayeipata ni yule ambaye wenzake wanapenda kucheza naye.

Kocha wa nyota naye ana haki yake

Nisimnyime. Mtoto wa miaka 16 au 17 ambaye kweli amewazidi wenzake anahitaji mtu wa kumsukuma peke yake: mazoezi ya ziada ya mguu dhaifu, mechi ngumu, kupelekwa kwenye majaribio. Kocha wa nyota ana simu za watu, na hapo anasaidia. Wapo pia makocha wanaojiita wa timu ambao ni wavivu tu. Watoto wao wanapasiana pembeni na nyuma, hakuna anayethubutu kumfuata beki, mwenye kipaji anazimwa ili wote walingane. Huko nako mtoto anadumaa. Kocha wa timu wa kweli anamruhusu mwenye chenga apige chenga pale penye haki yake, karibu na goli la adui, na anamdai arudi akabe.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea umri. Chini ya miaka 14, mpeleke kwa kocha wa timu bila kusita, hata kama uwanja wake ni wa vumbi na yule mwingine ana nyasi bandia. Kati ya 14 na 16, mwache hapohapo na umtafutie mtu wa kumpa mazoezi ya ziada. Baada ya hapo, kama bado amewazidi wenzake, sikiliza milango inayofunguliwa na wengine, lakini nenda naye mwenyewe.

Ada sitaki kuizungumzia sana. Kuna vituo vizuri vya kulipia na vizuri vya bure. Jihadhari tu na anayedai fedha ya "kumuuza" mtoto wa darasa la saba. Na shule: kocha yeyote anayemtoa mtoto darasani kwa ajili ya bonanza, mkimbie.

Jumamosi hii

Usimwambie kocha kwamba unakuja. Fika saa 1 asubuhi, kaa upande wa benchi, ulitazame benchi kuliko uwanja. Je, watoto waliokaa wanaifuata mechi au wanachora chini kwa vijiti? Bao likiingia, wanainuka wote? Mtoto akikosea penalti, nani anamfikia kwanza, na kocha anasema nini? Mwisho wa mechi tazama nani anakusanya koni na mipira. Kwa kocha wa nyota ni wale wa benchi kila wiki. Kwa kocha wa timu niliyejifunza kwake, ni nahodha.

Halafu kuna sehemu yako mzazi, ambayo hakuna kocha anayeweza kukufanyia. Mkiwa kwenye daladala mnarudi, swali la kwanza huwa "umefunga mangapi?" Mtoto akisikia hivyo kila Jumamosi kwa miaka mitano, kazi yangu ya mwaka mzima inafutika kati ya Kirumba na Buzuruga. Mama mmoja wa Pasiansi alilibadilisha. Akawa anamuuliza binti yake, "Leo ulimpa nani?" Jumamosi ya kwanza binti alinyamaza, akatazama dirishani. Jumamosi ya pili alitaja jina moja. Ya nne alitaja majina matano, akaeleza kila pasi ilikuwa ya wapi, na walipofika kituoni alikuwa bado hajamaliza.